Nani Alijenga Tembe la Kwihara?

Shule niliyosoma ina tanki la maji la saruji, na tanki hilo lina kibao. Kibao kilipakwa rangi nyeupe, kikaandikwa kwa bluu: jina la chuo kikuu kimoja, jina la mradi, mwezi na mwaka. Basi. Ukikisoma, ndugu msomaji, utaondoka ukijua kwamba tanki lilijengwa na chuo kikuu. Mimi nilikuwepo. Nilibeba mchanga kwa karai, kutoka korongoni mpaka uwanjani, wiki mbili nzima. Kwa hiyo najua kwamba kibao kile hakisemi uongo. Kinasema robo tu ya ukweli, halafu kinanyamaza.

Sikuja hapa kulia shida. Tuliomaliza kidato cha nne na majina yetu hayakuonekana kwenye orodha ya kidato cha tano tumeshalia vya kutosha kijiweni, na kulia hakujatupa hata nauli. Nimekuja na swali la historia. Mwaka jana nilianza kuandika riwaya ya mpagazi wa zamani, kijana wa Unyanyembe anayekwenda pwani kwa miguu, na katika kutafuta habari zake nikakuta kwamba mambo ya tanki letu yalikuwa yameshatokea Tabora zaidi ya miaka mia iliyopita. Wasomi wanakuja, wanakaa kwa wenyeji, kinajengwa kitu kwa mikono ya wengi, halafu linabaki jina la mmoja.

Twende Kwihara kwanza.

*

Kwihara si mbali na Tabora mjini. Kwa baiskeli unafika kabla jua halijawa kali. Hapo pana nyumba ambayo leo ni makumbusho, na kila mwanafunzi wa Tabora ameshapelekwa pale angalau mara moja, akapanga mstari, akaambiwa asiguse kitu. Inaitwa Tembe la Livingstone.

Habari yake ni hii. Juni 1871 Henry Morton Stanley alifika Kwihara akitokea Bagamoyo. Akakuta Mirambo wa Urambo anapigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda Ujiji imefungwa. Ikambidi azunguke kusini, akamkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka ule. Februari 1872 wote wawili wakawa Kwihara. Machi Stanley akashika njia ya pwani. Livingstone akabaki akimsubiri Stanley ampelekee wapagazi, na Agosti 1872 naye akaondoka. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Mei 1873 kule Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na wenzake akina Chuma na Susi wakaibeba maiti yake iliyokaushwa mpaka Bagamoyo, wakipita hapahapa Unyanyembe.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtu huyu alikaa Kwihara kama miezi sita, naye alikuwa mgeni, tena mgeni anayesubiri mizigo. Nyumba ikachukua jina lake.

Tazama nyumba yenyewe. Ina kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyofunikwa udongo, vyumba vinavyouzunguka ua, na mlango wa mbao wenye nakshi ambao ukiuona utadhani uko Bagamoyo au Unguja. Tembe ni nyumba ya bara. Wagogo na majirani zao walikuwa wakiijenga kabla mgeni yeyote hajaja kuichora kwenye daftari lake. Wafanyabiashara wa pwani walipofika Unyanyembe hawakuweza kujenga nyumba za mawe ya matumbawe kama za kwao, kwa sababu huku bahari hakuna. Wakachukua tembe la wenyeji, wakalipanua, wakalitia mlango wa nyumbani kwao. Udongo ukapondwa na watu wa hapa. Nguzo zikakatwa na watu walioujua msitu wa miombo, walioujua mti upi unaliwa na mchwa na upi haulwi.

Nilipopelekwa pale nikiwa darasa la sita, nilimuuliza mwalimu, "Mwalimu, nani alijenga?" Akanijibu, "Waarabu." Nikauliza tena, "Kwa mikono yao?" Darasa likacheka, nikaambiwa nirudi kwenye mstari. Swali lile nimekaa nalo mpaka leo.

*

Tukiwa shuleni tunaambiwa kwamba chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilianza Dar es Salaam mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na somo moja tu la sheria. Ni kweli, kwa maana ya majoho na vyeti. Lakini kama chuo kikuu ni mahali ambapo kijana anatoka kwao, anakwenda mbali, anafundishwa na watu wasio ndugu zake, anarudi amebadilika, basi Wanyamwezi walikuwa na chuo kikuu chao chenye urefu wa njia nzima ya misafara.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wameshafika pwani na pembe za ndovu. Kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Ugogo, Tura mpaka Tabora ilikuwa miezi mitatu, na mambo yakiharibika, zaidi. Ukitoka Tabora unavuka Malagarasi, unapita Uvinza penye chumvi, unafika Ujiji na Ziwa Tanganyika. Kijana asiyewahi kwenda pwani alionekana bado mtoto. Alikwenda nyuma ya kirangozi, akajifunza lugha, akajifunza kuhesabu doti za kaniki na merikani, akajifunza kupatana juu ya hongo kwa mtemi ambaye nchi yake inapitwa. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, wa wazi kabisa. Jinsi neno hilo lilivyoteremka mpaka kuwa kitu cha chini ya meza ni hadithi ya siku nyingine.

Nisije nikaipamba njia hii. Njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Serikali ya Tanzania ilipoipeleka njia hii UNESCO mwaka 2006, ili ifikiriwe kuwa urithi wa dunia, iliiita njia ya watumwa na pembe, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru, anayelipwa, na asipolipwa anatua mzigo na kukaa chini yake mpaka waelewane. Wazungu wengi walioongoza misafara wamejaza kurasa wakilalamikia jambo hilo. Mimi nikizisoma kurasa hizo nacheka peke yangu.

Kilichonishika hasa ni mizigo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mtu anautembeza nao siku nzima, wiki kwa wiki. Ukiwaza haraka utasema mpagazi ni bega tu. Sivyo. Nguo zilikunjwa zikabanwa kuwa mto mrefu mgumu, zikafungwa kwa mikeka na fito. Ncha za fito ziliachwa zichomoze, ili mzigo ukitua usilale kwenye tope, na mbebaji asilazimike kuinama mpaka chini kuunyanyua. Waya za shaba zilifungwa kwa mzega, mti mmoja begani, nusu mbele na nusu nyuma. Shanga zikatiwa mifukoni. Kila bidhaa ina umbo lake la kubebwa.

Je, nani alibuni ile fito iliyochomoza? Hana jina. Lakini lazima alikuwa mtu aliyebeba. Mtu ambaye hajawahi kunyanyua frasila mbili kutoka kwenye tope la Ugogo hawezi kujua kwamba inchi chache za fito zinauokoa mgongo wa binadamu. Shika hilo, msomaji, tutalirudia tukifika kwenye tanki.

*

Dunia ya misafara ilikufa kwa hatua. Januari 1893 Mtemi Isike, alipoona Wajerumani wameivunja ngome yake, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na 1914 ikafika Kigoma. Garimoshi moja likachukua kazi ya maelfu ya mabega. Septemba 1916 Wabelgiji wakaiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani, na baada ya vita Waingereza wakaupata mji na nchi yenyewe.

Hapo elimu ikaanza kuwa kitu cha ndani ya ukuta. Miaka ya 1920 Waingereza walianzisha Shule ya Tabora, ambayo ilikusudiwa hasa wana wa machifu, na ikaendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za kwao Uingereza. Mwaka 1937 akaingia kijana mmoja mwembamba kutoka Butiama, Julius Nyerere. Akamaliza, akaenda Makerere, akarudi Tabora hiihii kuwa mwalimu wa Shule ya St. Mary's, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Sisi watu wa Tabora tunapenda kujivunia Mwalimu kana kwamba tulimzaa. Lakini kuna jambo hatulisemi. Shule za namna ile, pamoja na sifa zake zote, zilimfundisha mtoto wa Kiafrika kwamba akishajua kusoma hatakiwi tena kushika jembe. Nadhani Mwalimu aliliona jambo hilo tangu akiwa kwenye dawati, kwa sababu Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alilishambulia waziwazi. Alisema shule inamtenga mtoto na jamii yake. Alisema inamfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na mzee asiyesoma hana cha kumfundisha. Akataka kila shule iwe na shamba au karakana. Akataka pia, na hapa ndipo watu wengi husahau, wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua.

Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam walikuwa wameandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichowauma zaidi ni kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu akawafukuza karibu 400, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walikuja kurudishwa baadaye. Nikiwa kijiweni nimesikia wazee wakibishana mpaka leo nani alikuwa na haki. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zinauliza swali moja: msomi anadaiwa nini na mtu aliyemlipia kodi?

Miaka ya 1970 swali hilo likajibiwa kwa vitendo, vingine vizuri, vingine ovyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, na wakitoka hapo wakachimba vyoo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Uhandisi. Kabla ya hapo aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo kile kikaweka sharti la mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi atoke darasani aende kiwandani, akaoge grisi kama wenzake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likasema mwanafunzi asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, afanye kazi kwanza. Shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansikimu.

Mama yangu alisoma mwishoni mwa enzi hizo. Nilimuuliza, "Mama, Elimu ya Kujitegemea ilikuwaje?" Akasema, "Ilikuwa adhabu." Ukichelewa, shamba. Ukizungumza Kinyamwezi darasani, shamba. Mahindi yakivunwa hawaoni hata pumba. Hakuna siku mwalimu aliwauliza wapande nini wala wapi. Unaona? Walichukua jembe la Mwalimu wakaacha sentensi yake ya kushiriki kuamua. Mtoto akabaki bega tu.

*

Sasa tuje karibu. Julai 2014, Arusha palifanyika mkutano wa kimataifa wa ubunifu, wa mfululizo ulioanzishwa 2007 huko Marekani, katika chuo cha MIT, na mhandisi Amy Smith pamoja na wenzake. Mikutano mingi watu hukaa hotelini wakanywa maji ya chupa. Huu haukuwa hivyo. Wanafunzi, mafundi, wakulima na walimu kutoka nchi mbalimbali waligawanywa katika vikundi, wakaenda kukaa vijijini kuzunguka Arusha, wakatengeneza vitu pamoja na wanavijiji.

Mmoja wa watu walioujenga moyo wa kazi ile ni Mtanzania, Bernard Kiwia, ambaye alianza kama fundi baiskeli. Alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli, akiokoteza vifaa ambavyo wengine walivitupa. Akashiriki kuanzisha karakana huko Arusha inayoitwa Twende, ambako wanafunzi wa shule wanaingia, wanapewa tatizo, vyuma, mbao na muda, wanatengeneza, inakataa, wanatengeneza tena. Wageni kutoka vyuo vikuu wakija pale wanamkuta fundi ameshatangulia. Meza ni yake.

Niliposoma habari hizo nilifurahi, halafu nikaumia kidogo. Nilikumbuka kwamba mwaka mmoja tu baada ya mkutano ule, wageni wa namna hiyo walikuja na kwetu, na kwetu mambo hayakwenda hivyo.

Nilikuwa kidato cha tatu. Walikuja Agosti, kumi na wawili, wa kike na wa kiume, Watanzania kwa wageni. Jina la chuo silisemi, na wala halina maana, maana kingeweza kuwa chochote. Walikuwa watu wazuri. Walilala kwenye darasa sakafuni. Walikula ugali na mlenda wa shule bila kukunja uso. Mikono yao ilitoka malengelenge siku ya pili, na siku ya tatu walirudi kazini wameifunga vitambaa. Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniona nachungulia ramani yao, akaniita, akanifundisha kusoma vipimo: sentimita moja hapa ni nusu mita pale chini. Akanipa rula yake ya chuma. Ninayo mpaka leo, na ndiyo ninayopigia mistari ninapopanga sura za riwaya yangu. Sitaki mtu asome makala hii akadhani nawasema vibaya.

Kazi ilikuwa tanki la kuvuna maji ya mvua, lita 20,000, la nyavu na saruji, likae kwenye kona ya bweni la wasichana. Fundi alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa nyuma ya shule. Sote tulimwita Babu. Amejenga nusu ya mtaa ule. Pale alilipwa kwa siku kama kibarua wa kukoroga zege.

Siku ramani ilipobandikwa ubaoni, tuliitwa kuitazama na kutoa maoni. Yaani tuliulizwa, sikatai. Msichana mmoja wa kidato cha pili akanyoosha kidole. Alikuwa kiranja wa maji, anaamka saa kumi kuwapanga wenzake kwenda kisimani. Akasema, "Bomba limekaa chini mno. Ndoo haitaingia." Kaka mmoja akamjibu kwa upole kwamba bomba likikaa juu, maji ya chini hayatatoka, yatapotea. Alikuwa na haki, kwa hesabu zake. Msichana akasema tena, "Lakini ndoo haitaingia." Kaka akaandika kitu kwenye daftari, akasema wataliangalia. Kikao kikaendelea.

Tanki likaisha kwa wiki mbili. Kibao kikapigiliwa. Tukapiga picha, mimi niko mstari wa nyuma, karai kichwani. Wakaondoka kwa treni ya usiku, tukawasindikiza mpaka stesheni, na watu walilia.

Ilikuwa Agosti, kiangazi. Tabora mvua inaanza Novemba. Kwa hiyo tanki lilijengwa kiangazi, likafunguliwa kiangazi, likashangiliwa kiangazi. Siku lilipofanyiwa mtihani wake wa kweli, waliolibuni walikuwa wameshasahihishiwa ripoti zao na kupewa alama.

Novemba mvua ikanyesha, tanki likajaa, hakuna hata tone lililovuja. Saruji ilikuwa safi. Wasichana wakaja na ndoo. Ndoo haikuingia.

Basi wakawa wanakinga kwa kopo, kopo kwa kopo, mpaka ndoo ijae. Foleni ikawa ndefu kuliko ya kisimani. Baadhi wakarudi kisimani. Majani ya mwembe nayo yakaziba gata, maana tanki liliwekwa chini ya mwembe ili lipate kivuli, na kwenye karatasi mwembe ulikuwa duara tu, haudondoshi kitu.

Babu alikuja Jumamosi moja na sururu yake. Hakuitwa na mtu, wala hakulipwa. Akachimba mbele ya bomba shimo la mraba, ndoo inakaa ndani na nafasi ya mtu kusimama. Akaliwekea ngazi tatu za mawe na mfereji wa kutolea maji yanayomwagika. Kwenye mdomo wa gata akafunga kipande cha wavu uliobaki. Sisi tulimsaidia kubeba mawe. Ilimchukua siku mbili.

Nikamuuliza, "Babu, shikamoo. Hivi, si ulijua tangu mwanzo?"

"Marahaba. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Akapangusa sururu. "Mimi niliulizwa saruji mifuko mingapi. Nikawaambia."

*

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi, tena hasa baada ya matokeo yangu kutoka na mimi kujikuta nje ya mstari wa wasomi. Siku nyingine nalaumu wageni: kwa nini hawakumuuliza? Siku nyingine namlaumu Babu: kwa nini alinyamaza? Siku nyingine najilaumu mwenyewe. Nilimsikia yule msichana akisema mara mbili. Nilikuwa nimeshajifunza kusoma vipimo. Ningeweza kuchukua rula yangu ya chuma nikapima ndoo, nikapima ramani, nikaonyesha. Sikufanya. Niliona aibu mbele ya watu wa chuo kikuu.

Aibu hiyo ndiyo imekaa njiani kati ya Kwihara na shule yetu muda wote huu. Ilimfanya mwalimu wangu ajibu "Waarabu" bila kufikiri. Ilimfanya mama yangu alime shamba ambalo hakuwahi kuulizwa lipandwe nini. Mpagazi aliyebuni fito ya kuchomoza hakuwa nayo, kwa sababu mzigo ulikuwa kichwani pake na mtihani ulikuja asubuhi iliyofuata. Na fundi baiskeli wa Arusha aliikataa, akaweka meza yake mwenyewe, wageni wakaja kukaa kwake.

Ninyi mnaosoma gazeti hili wengi mnataka kuwa waandishi, na baadhi mtakwenda vyuo vikuu. Mkija kwetu na ramani, karibuni sana, tutabeba mchanga. Ila mje na siku za kutosha mvua ikute bado mpo. Na nasi tuliobaki, siku tukiona ndoo haitaingia, tuseme mara ya tatu.

Mwezi uliopita nilipita shuleni. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora siku hizi, lakini bomba likikatika tanki bado linafanya kazi. Rangi ya kibao imefutika kwa jua na mvua, mwaka hausomeki tena. Ngazi za mawe zimelainika kwa miguu ya watoto. Nikamwona binti wa kidato cha kwanza ana ndoo, nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Babu," akasema, akanishangaa kama mtu asiyejua mji.

Huyo binti hajawahi kumwona Babu. Alishafariki. Nikarudi nyumbani, nikaifungua riwaya yangu sura ya kwanza, na yule kijana mpagazi, ambaye tangu mwanzo nilikuwa namwita "mpagazi" tu, nikampa jina.